Sheli za Zamani Zisiuzwe kwa Bei ya Kiwanja

Wakazi wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kuelezwa jinsi lami inavyobadili mji. Barabara itokayo Kigoma kupitia Kidahwe hadi Kasulu, kilomita zipatazo 91, sasa ni ya lami. Mradi mwingine mkubwa zaidi, ule wa Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, wenye urefu wa kilomita zipatazo 260 na uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unaziunganisha nyanda za juu za Kigoma na Kagera kwa upande mmoja, na mpaka wa Burundi kwa upande wa pili. Aliyewahi kulala porini ndani ya basi lililonasa kwenye utelezi wa masika, huku mtoto akilia na chakula kimekwisha, hawezi kuibeza kazi hiyo.

Hata hivyo lami ina tabia moja: huhamisha biashara. Kituo kipya cha mafuta hakijengwi tena karibu na Boma wala sokoni. Hujengwa nje ya mji, pale lori lenye tela linapoweza kuingia na kutoka bila kurudi nyuma. Ile sheli ya zamani ya katikati ya mji, yenye pampu mbili, paa lililotokeza mbele na gereji ya chumba kimoja ubavuni, hubaki bila wateja. Kwanza hukosa petroli, kisha hukosa dizeli, kisha pampu hung'olewa na kuacha vipande vya bomba vilivyochomoza sakafuni. Baada ya muda mnunuzi hutokea. Bei anayoitaja ni bei ya kiwanja, na jengo halihesabiwi ila kama gharama ya kulibomoa.

Jambo hilo hutazamwa kama la kawaida, nalo halifai kutazamwa hivyo. Sheli ya zamani ni jengo linaloweza kufanya kazi nyingine ya biashara kwa miaka mingi ijayo, na faida yake inaweza kuwafikia watu wengi badala ya mtu mmoja. Lakini chini ya sakafu yake pana hatari ambayo bei ya kiwanja haiitaji wala haiitambui. Mambo hayo mawili hayana budi kuangaliwa pamoja, kwa sababu mwenye haraka ya kubomoa hupoteza la kwanza na kulificha la pili.

Ni vyema ikumbukwe gari lilikuwa na maana gani katika Buha. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini reli hiyo ilipita kusini. Nyanda za Kasulu na Kibondo zilibaki kaskazini yake, na mwenye safari alitegemea miguu yake. Lori lilipoanza kupanda milima hiyo, halikuja kwanza kuchukua mazao. Lilikuja kuchukua watu. Mashirika ya wenye mashamba ya mkonge yaliunda ofisi ya kuajiri vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU mwaka 1944, na Buha ikawa moja ya sehemu zilizotoa vibarua wengi kuliko nyingine. Vijana wa Kiha walipewa namba, wakaitwa manamba, wakasafirishwa hadi Tanga na Morogoro. Kwa wengi wao, mara ya kwanza kupanda gari ilikuwa ndiyo mara ya kuondoka nyumbani, na baadhi yao hawakurudi. Mahali lori lilipotiwa mafuta na maji kabla ya safari ndipo mama alipoagana na mwanawe. Majumba ya watawala yana vibao vya kumbukumbu katika miji mingi nchini, lakini hakuna anayekumbuka kuweka kibao mahali pa namna hiyo.

Baada ya Uhuru gari lilibadili kazi. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilianza kuwahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa, na malori ndiyo yaliyobeba watu, vyombo vyao na mbegu zao. Wapo wanaoikumbuka kazi hiyo kwa heri na wapo wanaoikumbuka kwa uchungu, ila wote wanalikumbuka lori. Kisha ikaja shida ya mafuta ya mwaka 1973, na nyingine ya mwaka 1979 iliyokuja wakati Taifa likiwa limetoka vitani Uganda. Kwa miaka kadhaa magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Katika miji ya bara iliyo mbali na bandari, kituo cha mafuta kilikuwa mahali pa kungojea: watu walikaa na mapipa na madebe yao, wakasikia habari, wakauziana karanga na sigara, wakajua nani amefiwa na nani ameoa. Mtu mzima wa leo aliyekuwa mtoto wakati huo hahitaji picha ili kukumbuka harufu ya mahali hapo.

Halafu wakaja wakimbizi, na pamoja nao magari meupe ya mashirika. Warundi walikimbilia nchini mwaka 1972, wakaja tena mwaka 1993. Wakongo walifuata mwaka 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu ilipoanzishwa. Na mwaka 2015 machafuko ya Burundi yakaleta wimbi jipya, kiasi kwamba Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka huo, ilifika kuwa na watu zaidi ya 100,000. Msafara wa namna hiyo hauendi bila mafuta wala bila gereji. Vijana walijifunza kufungua injini, kurekebisha breki, kuchomelea fremu iliyopasuka kwa mashimo ya barabarani. Kambi zilipopungua watu, kama Mtabila iliyofungwa mwaka 2012 na Mtendeli iliyofungwa mwaka 2021, magari yaliondoka lakini ujuzi ulibaki. Leo fundi huyo huyo anafanya kazi chini ya mti, akiwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, na mvua ikinyesha anakunja spana zake.

Kuna ajabu kidogo katika hali hiyo. Upande mmoja wa barabara pana gereji isiyo na fundi, na upande wa pili pana fundi asiye na gereji.

Wapo watakaosema kwamba majengo hayo si ya historia hata kidogo: ni zege na mabati yenye kutu, hayana nakshi kama milango ya Zanzibar wala umri kama magofu ya Kilwa. Kwa sehemu wanasema kweli. Baadhi ya majengo hayo yalijengwa vibaya tangu mwanzo, na yale yaliyopasuka hadi msingi yabomolewe bila majuto. Hakuna anayedai kwamba kila banda lililowahi kuuza oili ligeuzwe makumbusho. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitungwa kwa kufikiria zaidi mabaki ya kale, na si rahisi sheli ya Kasulu ipate ulinzi wake. Lakini hoja ya kulihifadhi jengo haianzi wala haiishii kwenye uzuri. Sheli ya zamani ina vitu ambavyo mjenzi wa leo angevilipia fedha nyingi: sakafu ya zege nene iliyomudu uzito wa malori, paa pana lisilo na kuta linalokinga jua na mvua, chumba chenye mlango mpana, mfereji wa kutoa maji, na juu ya yote nafasi ya wazi katikati ya mji ambapo watu wamezoea kukutana. Soko dogo lingehitaji nini zaidi?

Mfano mkubwa wa Afrika Mashariki uko Asmara, nchini Eritrea. Mwaka 1938 mhandisi wa Kiitaliano, Giuseppe Pettazzi, alijenga huko kituo cha mafuta kiitwacho Fiat Tagliero, chenye umbo la ndege: mnara katikati, na mabawa mawili ya zege yenye urefu wa mita zipatazo 15 kila moja, yaliyotandazwa hewani bila nguzo hata moja. Inasimuliwa kwamba wakuu wa mji hawakuamini kuwa mabawa hayo yangesimama, wakataka yawekewe miti ya kuyaegemeza. Na siku ya ufunguzi Pettazzi alimtolea msimamizi bastola ili aiondoe. Huenda hadithi hiyo imetiwa chumvi, kama zilivyo hadithi nyingi za mafundi. Mabawa lakini hayakutiwa chumvi. Yamesimama hadi leo, yakivuka vita vya miaka 30 vya ukombozi wa Eritrea. Mwaka 2003 jengo hilo lilifanyiwa ukarabati, na mwaka 2017 Asmara yote ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Waeritrea hawakulilinda jengo hilo kwa kuwapenda Waitaliano waliowatawala. Walilihesabu kuwa lao.

Mfano wa pili uko mbali zaidi, lakini unagusa biashara waziwazi. London kuna jumba la kampuni ya matairi ya Michelin, lililojengwa mwaka 1911. Sehemu yake ya mbele ilikuwa mahali pa kuingizia gari na kulifunga matairi mapya. Kampuni ilipolihama mwaka 1985, wafanyabiashara wawili, Terence Conran na Paul Hamlyn, walilinunua, na mwaka 1987 likafunguliwa tena likiwa na ofisi, duka la vyombo vya nyumbani na mkahawa. Palipofungwa matairi pakauzwa maua na samaki. Vioo vya rangi vilivyoondolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili na kupotea vilitengenezwa upya. Wanunuzi hao hawakuwa wafadhili. Walikuwa watu wa faida, nao walipiga hesabu wakaona kwamba jengo ambalo kila mtu mjini analitambua linavuta mteja kuliko jengo jipya ambalo hakuna anayelijua. Huko Marekani, ambako vituo vya mafuta vilivyoachwa ni vingi mno, idara ya Serikali inayosimamia hifadhi za Taifa ilitoa mwaka 2008 mwongozo mzima wa namna ya kuvikarabati na kuvipa kazi mpya.

Bila shaka Kasulu si London. Haina watalii wa kununua samaki palipokuwa na matairi, na haina benki zinazokopesha kwa kuangalia vioo vya rangi. Lakini ina asali, maharage, mihogo, kahawa ya upande wa Manyovu, mafuta ya mawese yatokayo mwambao wa ziwa, na ina pikipiki zisizohesabika zinazohitaji fundi kila juma. Kibondo nayo inajulikana kwa asali kiasi kwamba msafiri huulizwa nyumbani kama ameibeba. Jengo la katikati ya mji lenye kivuli na sakafu safi halitakosa kazi katika miji hiyo.

Sasa lizungumzwe lile lililo chini ya sakafu, ambalo aghalabu halizungumzwi.

Kituo cha mafuta huwa na matangi ya chuma yaliyozikwa ardhini. Chuma katika udongo wenye unyevu hula kutu. Tangi likitoboka, mafuta hayatoki kwa kishindo. Hupenya taratibu, yakifuata mteremko, hadi yafikie maji. Nyanda za Buha ni nchi ya miteremko na mabonde yenye chemchemi, na familia nyingi bado hupata maji yao kutoka visima na vijito. Petroli ina kemikali iitwayo benzini ambayo husababisha saratani ya damu. Isitoshe, kwa miaka mingi petroli iliyouzwa Afrika ilitiwa risasi, madini yenye sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zikawa zimeiacha. Kituo kilichofanya kazi kabla ya hapo kiliuza mafuta yenye risasi, na kilichomwagika ardhini hakikuondoka pamoja na pampu.

Kuna pia oili chafu. Kila gereji ya zamani ina kona yake nyeusi ambako oili ilimwagwa kwa miaka 30 au 40. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limekuwa likiwaonya wananchi wa huko kwamba oili inayotoka katika gari moja siku ya kubadilishwa, ikimwagwa, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji. Asiyeamini hesabu hiyo aipunguze mara mia, bado itatosha kumtisha mwenye kisima chini ya mteremko.

Tangi tupu lina hatari nyingine, na hapa vijana wengi wamepotea katika nchi mbalimbali kwa kutojua. Watu hudhani kwamba tangi lililokwisha mafuta limekuwa salama. Kinyume chake, tangi lililojaa mafuta haliwezi kulipuka kwa urahisi kama tangi lililojaa mvuke wake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka chini, ukalala katika tangi na katika shimo la gereji, ukingoja cheche. Kijana anayetumwa kulikata tangi kwa moto ili auze chuma chakavu anatumwa kufa. Njia iliyo sahihi inajulikana. Mabaki ya mafuta hunyonywa kwanza. Kisha mvuke huondolewa na hewa ya ndani kupimwa kwa kifaa. Ndipo tangi hufukuliwa, au likiwa chini ya ukuta usioweza kuguswa, husafishwa na kujazwa mchanga au zege jepesi. Udongo ulio karibu hupimwa, na ulioharibika huondolewa. Shimo la gereji hufukiwa ama huachwa wazi lenye hewa, kamwe halifunikwi kwa mbao na kugeuzwa stoo. Na ikiwa paa ni la asbesto, kama yalivyo mapaa mengi ya zamani, vipande visivunjwe vikavu, kwa sababu vumbi lake huingia mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi.

Kazi hiyo ni ya gharama, na hapo ndipo wengi wanaponyamaza. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kanuni kwamba mchafuzi alipe. Aliyeuza mafuta mahali hapo kwa miaka 20 alipata faida mahali hapo. Ni haki kwamba kabla ya kukabidhi funguo aoneshe amefanya nini na matangi yake, na Halmashauri isipitishe mauzo wala kibali cha ujenzi hadi wakaguzi wa NEMC na EWURA wawe wamefika. Anayebomoa usiku na kumwaga kifusi juu ya matangi hakuondoa hatari. Ameihamishia kwa mtu atakayejenga nyumba ya kulala wageni juu yake, na kwa mtoto atakayeteka maji bondeni. Ikitokea kwamba mwenye kituo amekufa au kampuni yake haipo tena, gharama hiyo itaangukia umma. Ni afadhali umma ulipe huku ukibaki na jengo, kuliko ulipe baadaye hospitalini huku jengo likiwa mali ya mwingine.

Suala la nani mwenye mali linastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya linavyotazamwa sasa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, Serikali ilipopeleka madaraka mikoani kwa utaratibu mwingine. Zikarudishwa mwaka 1984. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980. Mashirika ya umma yalibinafsishwa katika miaka ya 1990. Mwaka 2012 wilaya mpya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu. Katika kila zamu hiyo kulikuwa na gereji, maghala, yadi za magari na vituo vya mafuta vilivyopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, mara nyingine kwa barua, mara nyingine kwa mazoea tu. Si ajabu leo kukuta uwanja ambao mpangaji anaamini ni wake kwa kuwa baba yake aliulipia kodi, ilhali jalada linaonyesha vingine, au halionyeshi chochote. Kabla ya kuuza lolote, madiwani wa Kasulu na Kibondo wangefanya vizuri kuagiza orodha: kila kituo na kila gereji ya zamani, kilijengwa lini, na nani, mwenye hati ni nani, matangi ni mangapi, hali ya paa ikoje. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji Afisa Ardhi, fundi mmoja, mzee mmoja mwenye kumbukumbu, na juma mbili.

Pale inapothibitika kwamba mali ni ya umma, isiuzwe, ipangishwe. Tofauti hiyo si ndogo. Kiwanja kikiuzwa, Halmashauri hupata fedha mara moja, zikaliwa katika bajeti ya mwaka mmoja. Kikipangishwa kwa watu kumi au kumi na watano kwa kodi wanayoimudu, mapato huja kila mwezi na jengo hubaki kuwa la mji. Wa kwanza kupewa nafasi wawe wale ambao tayari wanafanya kazi pembezoni mwake: mafundi wa pikipiki, wachomeleaji, mafundi baiskeli, akina mama wanaouza chakula kwa madereva. Ni desturi mbaya iliyozoeleka nchini kwamba mahali pakisha kupendeza, waliopafanya pachangamke huambiwa wakae mbali kwa sababu wanachafua. Ukarabati ukianza kwa kuwafukuza mafundi, utakuwa umelihifadhi jengo na kuiua kazi iliyolipa jengo hilo maana.

Mipaka lakini iwekwe. Chakula na oili havikai pamoja. Asali isipakiwe katika chumba ambacho sakafu yake ilinyonya dizeli kwa miaka 40, hata ikipigwa deki mara ngapi; asali hushika harufu, na mnunuzi wa Dar es Salaam akiikataa mara moja hatarudi. Chumba cha ofisi, ambacho hakikuguswa na mafuta, kinafaa kwa mizani na rafu za asali na nafaka. Paa la mbele, baada ya matangi kuondolewa na zege jipya kumwagwa, linafaa kwa meza za wauzaji. Gereji ibaki gereji, ila sasa iwe na pipa la kukusanyia oili chafu na mahali pa kuoshea spea pasipotiririsha maji mtaroni.

Mtaji hauwezi kuwa kisingizio cha milele. Halmashauri hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwezi Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi hewa hakina anwani. Kikundi cha mafundi kumi wenye gereji inayojulikana na mji mzima, yenye namba ya chumba na mkataba wa pango, ni vigumu kuwa hewa. Yupo pia SIDO, aliyeundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo; na Kasulu na Kibondo zina vyuo vya maendeleo ya wananchi, vya aina iliyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 1975, vinavyofundisha useremala, uashi na ufundi magari. Mwanafunzi wa uashi ajifunze kwa kutengeneza ukuta wa kweli. Ukuta wa sheli ya zamani ni darasa zuri kuliko ukuta wa mazoezi unaojengwa asubuhi na kubomolewa jioni.

Wenye shaka kwamba vitu vilivyoachwa vinaweza kupewa kazi mpya katika nyanda hizi watazame Mtabila. Kambi ile ya wakimbizi ilipofungwa haikuachwa iote vichaka; Jeshi la Kujenga Taifa liliingia, na vijana kutoka mikoa mbalimbali wakapelekwa huko kwa mafunzo na kilimo. Uamuzi ulifanywa mapema, mwenye dhamana akajulikana, na mahali pakaendelea kuwa na kazi. Sheli moja ya katikati ya mji ni jambo dogo kuliko hilo mara elfu.

Hoja moja ya wapinzani wa ukarabati ni ya kweli na haifai kukwepwa: vituo vya zamani vilijengwa karibu mno na nyumba za watu, na kuuza mafuta humo kuliwahatarisha majirani. Kwa hiyo hakuna anayependekeza kwamba pampu zirudishwe. Mafuta yaende kwenye lami, yanakostahili kuwa. Kinachobaki ni zege, kivuli na nafasi, na matangi yanayosubiri kufukuliwa.

Juu ya matangi hayo kuna kalenda isiyobadilishwa na kikao chochote. Katika Buha mvua huanza Oktoba na huendelea hadi Mei. Shimo la tangi likifukuliwa wakati wa mvua hujaa maji, maji hayo hubeba mafuta hadi bondeni, na kazi ya kusafisha hugeuka kuwa kazi ya kusambaza uchafu. Ufukuaji wa namna hiyo hufanywa Juni hadi Septemba, ardhi ikiwa kavu. Orodha ya majengo, barua kwa wakaguzi na mapatano na wenye hati huchukua miezi kadhaa kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo. Halmashauri inayotaka kuutumia kiangazi kijacho inapaswa kuwa na orodha hiyo mezani kabla masika hayajakwisha.